Inazunguka, Haiwaki

Asubuhi hiyo lori lilipigwa stata tena. Mshonaji alisikia akiwa chumbani, ameinamia cherehani, uzi mdomoni. Injini ilizunguka, ikazunguka, ikachoka, ikanyamaza. Akangoja. Ikazunguka mara nyingine, safari hii kwa kifupi, kama mtu anayekohoa ili watu wajue anaumwa. Kisha mlango wa lori ukabamizwa, na mumewe akaja taratibu kando ya ukuta hadi mlangoni.

"Imekataa," alisema.

"Hata moshi haikutoa?"

"Hata moshi."

Aliingia na kuketi kitandani bila kuvua viatu. Mtaani walimwita Polepole. Jina hilo alipewa na madereva wenzake kwa dhihaka, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuchelewa kufika, lakini lilimkaa vizuri na hakulikataa. Kwa miaka yote aliyobeba mbao hakuwahi kukwangua hata kuku. Lori lilikuwa kuukuu, rangi yake haijulikani tena, lakini ndilo lililoezeka nyumba hii, na ndilo lililokuwa likileta unga jikoni. Cherehani ya mkewe ilileta chumvi.

Mama mkwe alikuwa kizingitini, sinia mapajani, akichambua mchele kwa vidole. Macho yake yalikuwa yamezimika zamani, lakini jiwe halikumpita.

"Leo umeipiga mara mbili tu," alimwambia mwanawe bila kugeuka. "Jana ulipiga mara nyingi."

"Betri itakwisha, mama."

"Si mliambiwa ni mpya?"

Ni kweli betri ilikuwa mpya. Fundi wa gereji ya kona alianza kwa kubadilisha betri, na injini haikuwaka. Akabadilisha chujio la dizeli, haikuwaka. Mwisho alifuta mikono kwa tambara na kutangaza kwamba pampu ya dizeli imekufa, na pampu si kitu cha kununua kwa maneno matamu. Polepole alikubali kila alichoambiwa. Jambo hilo lilimkaa mkewe kooni. Mwanamume huyu alizoea kugombana na mafundi kwa nati moja. Sasa alikuwa anaitikia tu, ndiyo, ndiyo, kama bwana harusi mbele ya wakwe.

"Kwa nini usimwite Sikio?" mkewe aliuliza.

"Sikio ana kazi nyingi."

"Ulimuuliza?"

"Nimekwambia ana kazi nyingi."

Mshonaji alirudi kwenye pindo la sketi aliyokuwa akishona. Sikio alikuwa rafiki wa mumewe tangu ujana, na hakuna fundi mwingine aliyewahi kulifungua lori lile moyo. Lakini mume akishasema jambo mara mbili kwa sauti ile, kumuuliza mara ya tatu ni kutafuta ugomvi, na siku hizo hakuwa na nguvu za kugombana.

Mwenye mbao ndiye aliyewapa mizigo, na alikuwa ameanza kupiga simu. Siku hiyo Polepole alisema kichwa kinamuuma, kwa hiyo mkewe akaenda kumsemea.

Ofisi ilikuwa nyuma ya kiwanda cha mbao, kibanda cha mabati kilichojaa vumbi la msumeno. Mshonaji alisimama mlangoni muda mrefu. Kiti kilikuwepo, lakini juu yake palikuwa na kofia ya mwenye mbao, na mwenyewe hakuiondoa.

"Mumeo amepatwa na nini hata anamtuma mke?" mwenye mbao aliuliza alipomaliza kuongea na simu.

"Ni mgonjwa kidogo, bosi. Na gari linatengenezwa. Tunaomba utuvumilie."

"Mbao zangu zimelala hapa zinapinda. Mteja wangu haezeki nyumba kwa pole." Akamtazama, akaona sindano iliyochomekwa kwenye ukosi wa gauni lake. "Wewe si ndiye fundi cherehani?"

"Ndiye mimi."

"Kifungo changu hiki kimening'inia tangu asubuhi."

Alisogeza kifua mbele bila kuvua shati, akashika simu tena. Mshonaji alitoa uzi mkobani na kushona kifungo cha mwanamume asiye wake, uso wake ukiwa umbali wa shubiri moja na ndevu zake, huku yeye akicheka na mtu wa upande wa pili. Wapakiaji wawili nje ya dirisha waliona, wakageuka kando kwa adabu. Hilo la kugeuka ndilo lililomuuma zaidi. Alipokata uzi kwa meno, mwenye mbao aliufunika mdomo wa simu kwa kiganja.

"Mwisho wa wiki," alisema. "Likiwaka, mzigo wake upo. Lisipowaka, nina madereva wanaoomba."

Jioni, chakula kikiwa mezani, mshonaji alisema alichokuwa akikifikiria njia nzima.

"Nitauza cherehani, tununue pampu. Yule mshonaji wa sokoni ameitaka siku nyingi. Kesho nikimwita anakuja."

Alisema akitarajia kukatazwa. Alikuwa hata ameandaa jibu la kumshawishi mumewe akikataa. Polepole aliinamia sahani, akasukuma tonge upande mmoja, akalirudisha.

"Kama umeona ni hivyo," alisema.

Basi. Hakuna zaidi. Aliondoka mezani, na alipokuwa akipita aligonga kigoda kwa mguu, kigoda kilekile kilichokaa mahali palepale tangu nyumba ijengwe. Alikirudisha wima na kuingia ndani.

Mshonaji alibaki akiitazama sahani ya mumewe. Cherehani ile aliinunua kabla hajaolewa. Aliingia nayo katika nyumba hii, na Polepole mwenyewe ndiye aliyeibeba begani, akijigamba njiani kwamba ameoa mke mwenye kiwanda.

"Mwanangu," mama mkwe aliita kwa sauti ya chini. "Sogea hapa."

Akasogea.

"Kile kigoda amekigonga mara ngapi wiki hii?"

"Sijahesabu, mama. Ana mawazo."

"Mwenye mawazo hugonga kigoda mara moja, akakumbuka kilipo." Mama mkwe alivikunja vidole vyake mapajani. "Mimi sioni, lakini nasikia watu wanavyotembea. Mwanangu siku hizi anatembea kama mimi nilivyotembea mwanzoni. Na baba yangu kabla yangu. Sikutaka kusema. Nilisema labda ni masikio yangu yanazeeka."

Mshonaji alitaka kucheka, maana asubuhi ileile Polepole alimtungia uzi kwenye sindano mara moja tu, bila kukosea. Mtu anayetunga sindano amepofuka vipi? Lakini kicheko hakikuja.

Kesho yake hakumwita mshonaji wa sokoni. Alikwenda kwa Sikio.

Alimkuta chini ya trekta, miguu tu ikionekana, mmoja mfupi kuliko mwenzake.

"Shemeji," alimwita, "lori limelala."

"Nimesikia." Miguu haikusogea. "Nilisema rafiki yangu akiniita nitakwenda. Hakuniita. Nikasema labda nimemkosea."

"Hujamkosea. Mimi ndiye nakuita."

Sikio alijivuta nje, akaketi chini, akamtazama. Alikuwa mwembamba, mwenye nywele za mvi zilizoingia grisi. Alichukua mkoba wa spana, akachechemea nyuma yake bila kuuliza malipo.

Walipoingia uani, Polepole alikuwa ameegemea tairi la mbele. Alimsalimu rafiki yake vizuri, akamuulizia watoto, akaitikia hali ya hewa. Kisha akakumbuka kwamba nywele zimemzidi na kinyozi huwa na foleni.

"Sasa hivi?" mkewe alimuuliza.

"Ninyi endeleeni. Fundi hahitaji kuangaliwa," alisema, akatoka.

Sikio hakugusa kitu. Alimwomba mshonaji apande juu, ageuze ufunguo akiambiwa. Alipanda kwa shida, gauni likimnasa, akakaa kwenye kiti cha mumewe ambacho hakuwahi kukikalia. Kilikuwa kimebonyea kwa umbo la mtu mwingine.

"Piga."

Akageuza. Injini ikazunguka kwa nguvu, lori zima likatikisika.

"Acha. Betri nzima, stata nzima," Sikio alisema kutoka chini. "Na inavyozunguka si injini iliyochoka, ina pumzi yake. Piga tena, mimi niende nyuma kwenye bomba la moshi."

Akapiga tena. Sikio alirudi akipangusa mikono.

"Haitoi moshi hata chembe. Ingekuwa inapata dizeli ikashindwa kuwaka, ingetoa moshi mweupe na harufu. Kwa hiyo hainywi. Tutafute ni wapi imenyimwa."

Alifungua boneti, akalegeza nati ya bomba jembamba linaloingia kwenye injini. Mshonaji akapiga stata. Bomba lilikuwa kavu. Sikio akalegeza nyingine, kule dizeli inakoingilia pampu, akaminya pampu ya mkono, na dizeli ikaruka safi, bila povu, ikamlowesha kifundo.

"Umeona? Mafuta yanafika mlangoni kwa pampu, lakini hayatoki upande wa pili."

"Basi ni pampu," mshonaji alisema, na cherehani ikamjia machoni. "Ndivyo alivyosema yule wa kona."

"Alivyosema ni sawa na kusema mtu amekufa kwa sababu hafungui mlango. Labda umefungwa kwa nje." Sikio alisogeza sikio lake, lile lililompa jina, karibu na pampu. "Usipige stata. Geuza ufunguo nusu tu, taa ziwake, urudishe. Taratibu."

Akageuza nusu. Akarudisha. Akageuza tena.

"Kimya," Sikio alisema. "Hapa pana kidude kidogo, kama kidole gumba. Ukigeuza ufunguo, umeme unakifika, kinalia tik, kinafungua njia ya dizeli. Ukizima, kinaifunga. Hiki hakilii. Ama kimekufa, ama umeme haukifiki."

Aliingiza mkono nyuma ya pampu, akaufuata waya kwa vidole. Kisha mkono ukasimama. Alikaa hivyo kwa muda, ameinama, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa chumba cha pili.

"Shuka, shemeji," alisema.

Alishuka. Sikio alimwonyesha. Waya ulikuwa umechomolewa mahali pake, ncha yake imezungushiwa utepe mweusi wa umeme, vizuri, ili isiguse chuma na kuleta cheche, halafu umesukumwa nyuma ya bomba usionekane. Utepe ulikuwa safi. Kila kitu pembeni yake kilikuwa na vumbi na mafuta ya miaka.

"Umekatika?" mshonaji aliuliza.

"Waya uliokatika haujifungi kitambaa." Sikio hakumtazama usoni. "Huu umechomolewa na mtu anayejua, tena anayelipenda gari. Mwizi au adui angekata tu."

Hakuna aliyetaja jina. Uani palikuwa na watu watatu tu wenye ufunguo wa boneti ile: mume, mke, na Mungu.

"Nichomeke, au niache kama nilivyoukuta?" Sikio aliuliza.

Mshonaji alifikiri. Akakumbuka kifungo cha mwenye mbao na ladha ya uzi mdomoni. "Chomeka."

Alipanda tena, akageuza ufunguo. Sasa hata yeye aliisikia ile tik. Injini ilizunguka, ikapiga chafya ya hewa iliyobaki kwenye bomba, ikashika, na uani pakajaa moshi na mngurumo. Majirani walitokeza vichwa. Mtu alipiga makofi.

Kinyozi hakuwa mbali. Polepole alikuja akiwa na kichwa kilichonyolewa upande mmoja. Alipoingia langoni bega lake liligonga nguzo, katika mchana ule mweupe, na hakuonekana kushangaa. Mkewe alimtazama kutoka juu. Alikuwa ameiona sura ile mara moja tu, siku mumewe alipoletewa habari ya kifo cha baba yake.

Akazima injini.

Sikio alikusanya spana zake. Alipompita rafiki yake alimshika mkono kidogo. "Ungeniita tu," alisema. "Ningekaa kimya." Akaenda zake, hakudai hata maji ya kunawa.

Walikaa chumbani, mlango wamefunga, jua la alasiri likiingia kwenye kitambaa cha dirisha. Polepole aliketi sakafuni, mgongo ukutani.

"Lile lori siliogopi," alianza. "Naogopa kinachokuwa pembeni yake."

Mkewe aliketi kitandani, akamgeukia.

"Mbele naona. Naona kabisa, nasoma hata kibao cha mbali. Lakini ni kama ninachungulia ndani ya bomba. Bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Nilisema ni uchovu. Safari ya mwisho, jioni, nilikuwa nashuka kwenye daraja, nikasikia mtu anapiga kelele. Nikakanyaga breki. Nikashuka, nikakuta mama ameketi kwenye majani, baiskeli yake iko chini ya tairi langu. Nilimwambia, mama, umetokea wapi? Akaniambia, sijatokea, nilikuwa hapa muda wote, nilikuwa natembea kando yako."

Alikunja miguu, akaendelea. "Hakuumia. Nilimpa nilichokuwa nacho mfukoni. Nikarudi kwa gia ya kwanza, njia nzima. Nilipofika nikauchomoa ule waya."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie niwe nani? Mama yumo humu, unamwongoza mpaka chooni. Niwe wa pili?"

"Ungeniacha niuze cherehani?"

Polepole alijipapasa upande wa kichwa ulionyolewa.

"Nilikuwa nangoja useme huiuzi," alisema. "Ukisema hivyo, lori lilale palepale, na kosa liwe la pampu."

"Kumbe ulitaka kosa liwe langu."

"Sikutaka liwe la mtu."

Mshonaji alisimama, akafungua dirisha, akalifunga tena. Hasira aliyokuwa nayo ilikuwa kubwa, lakini alikuwa amechoka kiasi kwamba hakujua aanze kuishika wapi. Alichofanya ni kumwambia arudi kwa kinyozi akamaliziwe kichwa, maana hawezi kwenda naye hospitali akiwa hivyo.

Mwenye mbao alimpa mtu mwingine mzigo. Hospitalini daktari wa macho alimpulizia Polepole hewa jichoni, akamwonyesha vitone vya mwanga, akamuuliza kuhusu wazazi. Aliposikia habari za mama na babu alitikisa kichwa. Ni presha ya macho, alisema. Hainyang'anyi kwa nguvu, inadokoa. Ilichokwisha kudokoa hairudishi. Kuna dawa ya matone ya kulinda kilichobaki, kila siku, maisha yake yote. Kuendesha gari, hapana.

Walirudi kwa miguu. Polepole alimwomba mkewe jambo moja: watu wasijue. Aseme lori linakula sana mafuta, wameamua kuuza. Mshonaji alikubali, si kwa kuridhika. Alikubali kama mtu anavyokubali kubeba mzigo ili mwenzake apumzike kidogo.

Lakini kitu kibaya kinatangazwa bure. Mtaa mzima ulikuwa umesikia stata ikilia asubuhi baada ya asubuhi. Fundi wa kona naye alikuwa ameshapitisha hukumu yake. Wanunuzi wakawa wanakuja, wanazunguka lori, wanapiga tairi teke, wanasema, "Hili si lile lisilowaka?" Wa kwanza alitaja bei ya vyuma chakavu. Wa pili alicheka tu. Polepole alikuwa anarudi ndani na kulala chali.

Wa tatu alikuwa mchimba mchanga, mtu mnene mpole aliyekuja na binamu yake kama shahidi. Lori liliwaka kwa mguso wa kwanza. Mchimba mchanga alilisikiliza, akalipenda, ilionekana wazi. Kisha akajikaza.

"Mzee, tusidanganyane," alisema. Majirani walikuwa wamekwisha kusogea, wengine na ndoo zao. "Leo linawaka kwa sababu mmelitengenezea kuuza. Nimeambiwa liliwashinda. Pampu imekufa. Mimi nikifika barabarani litanilalia. Ama unapunguza mpaka nusu, ama tuagane."

Mshonaji alikuwa mlangoni. Alimwona mumewe akifungua mdomo kusema habari za mafuta, kama walivyopanga. Akaufumba. Polepole aliweka mkono kwenye boneti, na mkono ukabaki pale.

"Pampu haijawahi kufa," alisema. "Lori hili halijawahi kunikatalia hata siku moja. Mimi ndiye nililikatalia."

"Una maana gani?"

"Nilichomoa waya. Mwenyewe, kwa mkono wangu. Macho yangu yamekufa pembeni, nusura niue mtu, nikaona aibu kusema. Nikalisingizia gari." Aligeuka, akawageukia na majirani, kichwa kizima, ili awaone mmoja mmoja ndani ya lile bomba lake. "Kama kuna aliyesikia ni bovu, amelisikia kutoka kwangu, na nilisema uongo. Kamwiteni Sikio mumuulize. Bei yangu haishuki."

Mwanamke mmoja aliweka ndoo chini. Mchimba mchanga alimtazama binamu yake, binamu akatazama chini.

"Pole, mzee," mchimba mchanga alisema hatimaye. Hakulipa bei yote, biashara ni biashara, lakini aliyolipa haikuwa ya vyuma chakavu. Na kabla ya kupanda alimwomba Polepole amweleze tabia za lori. Polepole alimweleza, moja moja: gia ya pili husita asubuhi, usiilazimishe, mlimani lina pumzi, mteremkoni usiliamini, usiliache tangi likauke, litavuta hewa. Alieleza mpaka hakubaki na la kueleza.

Lori lilipotoka majirani walisambaa wakiongea chini chini, na kesho wangeongea juu juu. Polepole alibaki katikati ya ua, akisikiliza mngurumo mpaka ukapotelea kwenye kona.

"Basi tumekuwa wawili," mama mkwe alisema kutoka kizingitini. "Itabidi tupige honi humu ndani."

Polepole alicheka, kicheko kifupi kilichoishia puani. Jua lilikuwa limeshuka na vivuli vya nyumba vilikuwa vimeingia uani. Alipiga hatua moja kuelekea mlangoni, akasita.

"Mke wangu," alisema, kwa sauti ya kawaida, bila kujali nani bado yuko langoni. "Njoo unishike mkono. Huku pembeni sioni kitu."